Ndugu wa tumbo moja: kusoma ukurasa wa katalogi ya mnada wa farasi wa mbio

Swali: Shikamoo mzee wangu. Mimi ni kijana wa Malindi, saisi kwenye banda moja la farasi wa mbio hapa Dubai, mwaka wa tatu sasa. Mwezi wa kumi tunakwenda Newmarket, Uingereza, kwenye mnada wa farasi wa mwaka mmoja, na nimepewa katalogi ya zamani nijisomee. Kiingereza nakijua, lakini hiki cha katalogi kinanishinda. Majina mengine yamekolezwa wino, mengine hapana. Farasi wawili wa baba mmoja hawaitwi ndugu. Na mwenzangu aliyekwenda mwaka jana ananiambia farasi aliyemwongoza ulingoni aligongewa nyundo kwa gini laki tatu, kesho yake akamkuta bandani kwake vilevile na mwenye mali ni yuleyule. Naomba unifungulie.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nilianza kama wewe, nikiwa saisi Ngong, Nairobi, kisha nikavuka kwenda Newmarket, na sasa ni miaka mingi kazi yangu ni kusoma kurasa hizo kwa niaba ya wanunuzi. Nitaanza na suala la udugu, kwa kuwa ukilielewa hilo sehemu kubwa ya ukurasa inafunguka yenyewe.

Sisi watu wa Pwani tuna neno toka nitoke. Atoke huyu, nami nitoke, tumbo lilelile. Kiingereza cha farasi kimeshika jambo hilohilo. Farasi husemwa ni "by" fulani, na huyo ni baba. Husemwa pia ni "out of" fulani, yaani katoka kwa fulani, na huyo siku zote ni mama. Hutamsikia mtu wa kazi hii akisema farasi katoka kwa dume. Akikosea hapo, wenzake wanajua ni mgeni kabla hajamaliza sentensi.

Udugu nao unafuata tumbo. Dume la mbegu linalotakiwa na watu hupanda majike zaidi ya 100 kwa msimu mmoja, na mengine hupita 200. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, na miaka mingine hapati kitu. Kama kuwa na baba mmoja kungetosha kuitwa ndugu, robo ya farasi mnadani wangejiita ndugu wa bingwa fulani, na neno lingekosa thamani. Kwa hiyo farasi akiandikwa "half-brother" wa bingwa, maana yake ni moja tu: wametoka tumbo moja, baba mbalimbali. Wa mama mmoja na baba mmoja ndio "full brother" au "own brother". Wa baba mmoja peke yake hawana jina la udugu kabisa, hata wawe wamefanana kama sahani na kawa.

Nikupe mfano wa jike mmoja aitwaye Urban Sea. Mwaka 1993 alishinda mbio kuu za Prix de l'Arc de Triomphe kule Paris. Akazaa Galileo, aliyeshinda Derby ya Epsom, Uingereza, mwaka 2001, kwa dume Sadler's Wells. Kwa dume huyohuyo akamzaa Black Sam Bellamy. Hao wawili ni ndugu kamili. Kisha kwa dume Cape Cross akamzaa Sea The Stars, ambaye mwaka 2009 alishinda Derby na Arc pia. Galileo na Sea The Stars ni ndugu wa tumbo moja, na ulimwengu mzima wa mbio unawaita ndugu. Sasa tazama nguvu ya neno hilo. Desemba 2002, Newmarket, mtoto jike wa Urban Sea ambaye hata mwaka hajatimiza aliuzwa gini 1,800,000 (gini nitaieleza mbele; kwa sasa ihesabu kama pauni na kidogo). Hakuwa amewahi kubeba tandiko. Kilichouzwa siku ile kilikuwa tumbo la mama yake.

Ndiyo maana kila ukurasa umejengwa juu ya majike. Juu kabisa kuna mti wa nasaba: baba na watu wake nusu ya juu, mama na watu wake nusu ya chini. Chini ya mti kuna mistari michache kuhusu baba, kisha ukurasa wote uliobaki unawahusu "1st dam", "2nd dam", "3rd dam". Hapa vijana wengi wanateleza. Nimewahi kumsikia mmoja akieleza kwamba "mama wa pili" ni jike aliyemlea mtoto baada ya mama yake kufa. Hapana. Mama wa kwanza ni mama mzazi, wa pili ni bibi mzaa mama, wa tatu ni mama wa bibi huyo. Ni mstari mmoja wa majike unaorudi nyuma. Yule anayeitwa "broodmare sire" au "damsire" ni babu mzaa mama.

Twende kwenye wino. Herufi zilizokolezwa ndizo "black type", na ndizo zinazopandisha bei kuliko kitu kingine chochote kwenye karatasi ile. Jina lililokolezwa kwa herufi kubwa tupu ni la farasi aliyeshinda mbio za daraja. Lililokolezwa kwa herufi za kawaida ni la farasi aliyeshika nafasi ya pili au ya tatu kwenye mbio hizo bila kushinda. Daraja zenyewe Ulaya ni Group 1, 2 na 3, utaratibu uliowekwa mwaka 1971, na chini yake zipo mbio za Listed. Marekani wana utaratibu wao wa namna hiyo, nao husema Grade. Mbio zipi zinastahili wino huo huamuliwa na kamati ya kimataifa ya viwango vya katalogi. Kampuni ya mnada haijiamulii, wala muuzaji.

Kwa hiyo katalogi haidanganyi. Hilo nalisema kwa moyo mweupe: kila neno lililochapwa pale limepimwa. Lakini ukurasa unapangwa kumpendeza mnunuzi, na kinachokugharimu mara nyingi ni kile ambacho wino haukukikoleza. Weka kidole kwenye mstari wa mama wa kwanza. Ukikuta ameandikwa alishinda mara tatu, vizuri. Ukikuta "placed", hakushinda hata mara moja, alikaribia tu. Ukikuta "ran", alikimbia na hakuna la kusimulia. "Unraced" ni kwamba hakukimbia kabisa, na hilo peke yake si aibu, kwani pengine aliumia akiwa mdogo. Kisha soma hesabu ya watoto wake, ambayo huandikwa kwa namna hii: mama wa washindi wawili kati ya wakimbiaji watatu, na watoto sita waliofikia umri wa kukimbia. Simama hapo. Sita walifika umri, watatu tu wakafika uwanjani. Wale watatu wengine walikuwa na nini? Miguu? Mapafu? Swali hilo halimo kwenye ukurasa, lakini ukurasa wenyewe umekupa namba za kuliuliza.

Tazama pia wino umekaa wapi. Ukurasa unaweza kuonekana mweusi tii kwa mbali, ukisogea unakuta weusi wote uko kwa mama wa tatu, jike aliyekufa zamani, na kwa mama wa kwanza na wa pili pamepauka. Wino wa mbali ni kama utajiri wa babu wa babu. Mimi hukiziba kipande cha chini kwa kiganja na kujiuliza kama ningemtaka farasi huyu kwa mama yake na bibi yake tu.

Kuna maneno mawili ambayo Kiswahili chetu kinaweza kutupoteza. La kwanza ni "barren". Kamusi itakuambia tasa, na mnadani tafsiri hiyo inaweza kumfanya bosi wako aache jike mzuri. Pale maana yake ni kwamba jike alipandishwa msimu huu na hakushika mimba. Mwaka ujao anaweza kushika. Kama hakupandishwa kabisa huandikwa "not covered", na kama alishika kisha ikaharibika husemwa "slipped". Mambo matatu tofauti, na bei tatu tofauti. La pili ni "maiden". Kwa farasi wa mbio ni yule ambaye hajashinda mbio hata moja, awe dume au jike. Kwa jike wa kuzalisha ni yule ambaye hajapandwa bado. Jike anaweza kuwa ameshinda mbio tano akaingia mnadani akiitwa "maiden", na hakuna kosa lolote hapo.

Sasa umri, kwa kuwa mnaenda kununua wa mwaka mmoja. Farasi wote wa Thorobredi, yaani wa ukoo huu wa mbio, wa kaskazini mwa dunia huhesabiwa kutimiza mwaka tarehe 1 Januari, bila kujali walizaliwa lini. Kusini, kama Australia na Afrika Kusini, ni tarehe 1 Agosti. Mimba ya farasi ni miezi 11 hivi. Mtoto akizaliwa tarehe 31 Desemba, kesho yake kitabu kinamhesabu mwaka mmoja, na maisha yake yote ya mbio atashindana na waliomzidi karibu mwaka mzima. Kwa ajili hiyo msimu wa kupandisha huanza katikati ya Februari. Jike kwa maumbile yake husubiri siku ziwe ndefu ndipo aingie joto, kwa hiyo mashamba humwashia taa bandani tangu mwanzo wa Desemba, apate saa 16 za mwanga kwa siku, mwili wake uamini majira yamebadilika. Ukiona taa zinawaka baada ya jua kuzama kwenye mabanda ya majike wakati wa baridi, hiyo ndiyo sababu.

Kwa hiyo kwenye ukurasa kaitazame tarehe ya kuzaliwa. Wa Januari na wa Mei watasimama mbele yako mwezi wa kumi, wote wanaitwa "yearling", na kati yao kuna miezi minne ya mifupa na misuli. Usimhukumu wa Mei kwa udogo. Mwaka 1962 huko Kanada mfugaji E. P. Taylor alitaka dola 25,000 kwa dume mfupi aliyezaliwa tarehe 27 Mei, na hakuna aliyemtaka. Farasi huyo alikuwa Northern Dancer. Mwaka 1964 alishinda Kentucky Derby kwa dakika mbili kamili, akaja kuwa baba wa Sadler's Wells na wa Danzig, na leo ni shida kupata ukurasa usiokuwa na jina lake.

Jina lake ndilo litakalokufundisha alama nyingine utakayoikuta, mfano 3x4. Chukua Frankel, aliyekimbia mara 14 na kushinda mara 14. Baba yake ni Galileo, baba wa Galileo ni Sadler's Wells, baba wa Sadler's Wells ni Northern Dancer: ngazi tatu. Mama yake Frankel ni Kind, baba wa Kind ni Danehill, baba wa Danehill ni Danzig, na baba wa Danzig ni Northern Dancer: ngazi nne. Babu mmoja ametokea ngazi ya tatu kwa baba na ya nne kwa mama, basi husemwa Frankel ni 3x4 kwa Northern Dancer. Ni kuoana kwa jamaa, kama binamu wa mbali. Wauzaji watakuambia mchanganyiko fulani wa baba na babu mzaa mama "unanasa", wao husema "nick", na ni kweli Galileo na majike waliozaliwa na Danehill wametoa mabingwa kadhaa. Mimi nalisikiliza neno hilo, lakini sijawahi kumnunulia mtu farasi kwa sababu ya hilo peke yake.

Upande wa kupandisha nitapita haraka, hauwahusu sana safari hii. Farasi wa Thorobredi lazima azaliwe kwa dume kumpanda jike kweli. Mbegu za kupandikiza haziruhusiwi, na mtoto wa namna hiyo haandikishwi. Haki ya kumpeleka jike mmoja kwa dume mmoja kwa msimu mmoja huitwa "nomination". Ukiona ada ya dume imeandikwa "1st October", hulipwa tarehe hiyo ikiwa jike ana mimba. Ukiona "live foal", hulipwa mtoto akizaliwa hai, na Kentucky hueleza kabisa kwamba asimame na anyonye. Dume akiwa mali ya wengi huwa na hisa: Secretariat mwaka 1973 aligawanywa hisa 32, kila moja dola 190,000, kabla hajashinda mbio zilizompa jina kuu.

Turudi kwa farasi wa mwenzako. Nyundo ikigonga haina maana kwamba ameuzwa. Mwenye mali huweka bei ya siri na wanamnada, bei ambayo chini yake hauzi, inaitwa "reserve". Dalali ana ruhusa, kwa masharti yaliyochapwa mwanzoni mwa katalogi, kupandisha dau kwa niaba ya muuzaji mpaka karibu na bei hiyo. Kwa hiyo unaweza kusikia laki moja, laki mbili, laki tatu, na kumbe aliyekuwa anatoa dau kweli ni mtu mmoja, au hakuna. Bei ya siri ikikosa kufikiwa, nyundo hugongwa, farasi anatoka ulingoni, na kwenye orodha ya matokeo anaandikwa hakuuzwa. Marekani utaona herufi RNA, yaani bei ya siri haikufikiwa. Farasi anarudi kwake. Kwa hiyo msikilize dalali: akitangaza kwamba farasi sasa yuko "on the market", bei ya siri imepitwa, na dau linalofuata ni la kuuzwa kweli.

Usidharau walioandikwa RNA. Sunday Silence alipelekwa mnadani Keeneland, Kentucky, mwaka 1987, na mwenye shamba Arthur Hancock akamrudisha kwa dola 17,000 kwa kuwa hakuna aliyefika bei. Mwaka uliofuata California, akiwa wa miaka miwili, akakataliwa tena kwa dola 32,000. Mwaka 1989 alishinda Kentucky Derby, kisha akauzwa Japani, na huko watoto wake walimfanya awe dume namba moja kwa miaka 13 mfululizo.

Hiyo gini ya laki tatu nayo si pauni laki tatu. Sarafu ya gini iliacha kupigwa mwaka 1814, lakini Tattersalls, kampuni ya mnada wa Newmarket ambao wananadi farasi tangu 1766, bado wanahesabu kwa gini, na gini moja ni pauni 1 na senti 5. Kwa hiyo 300,000 ni pauni 315,000. Mtu wenu wa hesabu asije akashangaa ankara ikifika.

Utasikia pia "pinhook". Neno limetoka kwa wachuuzi wa tumbaku wa Kentucky, waliomnunulia mkulima mzigo na kuuza kwa faida mnadani. Kwa farasi ni kumnunua akiwa ameachishwa kunyonya na kumuuza akiwa wa mwaka mmoja, au kumnunua wa mwaka mmoja, kumfundisha tandiko, na kumuuza wa miaka miwili kwenye mnada ambao hukimbizwa kwanza mbele ya wanunuzi. The Green Monkey alinunuliwa dola 425,000 akiwa wa mwaka mmoja. Februari 2006, Florida, alikimbia furlongi moja, mita 200 hivi, kwa sekunde 9.8, akauzwa dola milioni 16. Alikimbia mbio tatu na hakushinda hata moja. Muuzaji wa kati hakufanya kosa lolote; saa ilionyesha alichokimbia. Wanunuzi walilipia sekunde 9.8 kana kwamba ni maili nzima.

Nimalizie na mahali ambapo wewe unajua kuliko mawakala waliovaa tai. Mnunuzi anapokuja bandani husema "walk, please", anatazama farasi akienda na kurudi mara mbili, dakika mbili zimekwisha. Anatafuta goti lililorudi nyuma, kwato zinazoelekea ndani, hatua fupi ya nyuma. Picha za eksirei ziko kwenye chumba maalumu ambapo daktari wa mnunuzi huzisoma, na koo hukaguliwa kwa kamera kwa sababu farasi ambaye upande mmoja wa koromeo umepooza hutoa sauti akikimbia na hewa haimtoshi. Lakini kuna tabia ambazo kamera haizioni: kuuma ubao wa mlango na kuvuta hewa, kuyumbisha kichwa na kifua huku na huku, kuzunguka banda usiku kucha. Muuzaji anatakiwa kuzitangaza, na asipozitangaza mnunuzi ana haki ya kumrudisha farasi, ila muda wa kurudisha ni mfupi na umeandikwa kwenye masharti. Anayezijua kwanza ni saisi. Usiku wa kwanza mkishamnunua, keti nje ya mlango wake taa zikishazimwa, sikiliza. Asubuhi pitisha kidole kwenye ukingo wa juu wa mlango. Ukikuta ubao umeliwa na unyevu bado upo, nenda kwa bosi wako kabla hujamwaga maji ya kunywesha, umweleze, na muende pamoja ofisi ya mnada siku hiyohiyo.